Umeuza plagi, mteja anasema imekwama: soma hii kabla hujarudisha pesa

Wale mnaouza spea mtandaoni, hii ni yenu kabisa. Na wale mnaouza nguo, vipodozi, parachichi au chochote kinachopelekwa kwa mteja na bodaboda, msipite. Siku pikipiki iliyobeba mzigo wako ikigoma njiani kwa sababu ya plagi, hasara na wewe inakufikia.

Mimi nina kaduka ka spea huku Kisondela, wilaya ya Rungwe. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea. Ufundi sijasomea popote. Ninachojua nimejifunza kwa kuuza, kwa kuuliza mafundi na kwa kuharibu vitu vyangu mwenyewe. Wateja wengi wananipata WhatsApp. Wanaona stetasi, wanatuma meseji, pesa inaingia kwenye simu, mzigo unapanda bodaboda au gari la Tukuyu. Raha ya biashara hii ni kwamba sihitaji kuonana na mteja. Tabu yake nayo ni hiyohiyo, simuoni akifunga nilichomuuzia.

Ngoja niwaambie ilivyonikuta.

Plagi ya elfu nne, hasara ya elfu thelathini na tano

Ilikuwa masika. Huku kwetu mnajua, Tukuyu ni kati ya sehemu zinazonyeshewa sana Tanzania nzima. Kaka mmoja wa bodaboda alinunua plagi kwangu kwa simu. Pikipiki yake ni ya mkataba, kila siku lazima apeleke hesabu kwa mwenye chombo. Nikamtumia plagi sahihi, namba sahihi, nikaandika "ndaga, karibu tena", nikaendelea na mambo yangu.

Siku ya tatu naamka nakuta sauti yake kwenye grupu la kijiji: "Yule dada anauza plagi feki, imeniulia pikipiki." Kabla ya saa nne asubuhi watu wawili walikuwa wameshafuta oda zao.

Nikafunga duka. Nikachukua plagi nyingine kutoka boksi lilelile, nikaenda mpaka pale pikipiki ilipolala. Fundi wa pale ni mzee, ameshika spana kabla sijazaliwa. Alikuwa ameshaichomoa ile plagi kwa shida. Akanionyesha meno yake, yaani ile mistari ya kuzungushia. Katikati ya meno kulikuwa na vipande vyeupe vya kung'aa.

"Angalia, mwanangu. Hiki cheupe siyo cha plagi. Ni cha hedi."

Plagi ni chuma. Hedi ya pikipiki ni aluminiamu, ambayo ni laini kuliko chuma. Vikigombana, hedi ndiyo inayoliwa. Mzee akachukua plagi yangu mpya, akaijaribu kwenye pikipiki nyingine ya aina ileile. Ikaingia kwa vidole mpaka mwisho. Kwa hiyo bidhaa ilikuwa nzima.

Tulipomuuliza kaka taratibu, akasema. Alifunga jioni, mvua inanyesha, anashika tochi ya simu kwa meno. Aliingiza plagi kwa spana moja kwa moja. Ilipokaza mapema akajua imefika, kumbe imeingia upande, imekrosi. Injini ikawaka, lakini ikawa inatoa sauti ya tss tss. Kesho yake akaongeza bomba kwenye mkono wa spana ili akaze vizuri. Hapo ndipo meno ya hedi yalipokwisha.

Kuchongewa meno mapya Tukuyu ilikuwa 35,000. Nililipa nusu, 17,500. Kwenye plagi ya 4,000 faida yangu ni 1,000. Piga hesabu mwenyewe ni plagi ngapi nilitakiwa kuuza ndiyo nirudi sifuri. Na yeye alikaa siku nne bila kazi huku hesabu ya tajiri inamsubiri.

Mama yangu aliniuliza kwa nini nimelipa wakati kosa siyo langu. Nikamwambia bidhaa ilikuwa sawa, lakini nilimuuzia mtu kitu cha kufungwa kwenye injini bila kumpa hata sentensi moja ya maelezo. Tangu siku hiyo kila plagi inayotoka dukani kwangu inatoka na maelezo. Leo nawapa yote, bure.

Kwanza ijue plagi inavyofanya kazi pale ndani

Kazi moja kila mtu anaijua, kutoa cheche ya kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa. Kazi mbili nyingine watu hawazijui, na ndizo zinazohusika na kukaa vibaya.

Ya kwanza, plagi ni kizibo. Mlipuko unapotokea ndani ya silinda, presha yote inasukuma pistoni chini na inasukuma plagi juu. Kinachoizuia plagi isiruke ni meno. Kinachozuia presha isivuje ni ile washa chini ya kiuno chake.

Ya pili, plagi inapoa kupitia hedi. Ncha yake inaungua moto muda wote. Joto lile linatoka kwa kupitia meno na washa, linaingia kwenye hedi, ndipo upepo unalichukua. Plagi isipokaa vizuri haina pa kupeleka joto. Inazidi moto, inaanza kuwasha petroli kabla ya wakati wake, na ikiendelea hivyo inaweza kutoboa pistoni. Ndiyo maana plagi iliyolegea ni hatari kama iliyokazwa kupita kiasi.

Kwa nini plagi inakwama

Sababu ziko nne, na mara nyingi zinakuja mbili kwa pamoja.

1. Kutu. Maji na tope vinakaa kwenye shimo linalozunguka plagi. Chuma na aluminiamu vikikutana na unyevu kwa muda mrefu vinalana na kushikana. Kwa barabara zetu za huku hii ni namba moja.

2. Masizi. Injini inayokula mafuta au inayochoma vibaya inatengeneza kaboni. Ikiganda kwenye meno ya chini, plagi inazunguka kidogo halafu inagoma.

3. Kukazwa kupita kiasi. Washa imebanwa mpaka imekuwa bapa, meno yamevutwa.

4. Kukrosi. Iliingia upande tangu siku ya kwanza.

Msidhani ni sisi tu. Marekani, magari ya Ford yenye injini ya lita 5.4 ya valvu tatu, ya kuanzia miaka ya 2004 mpaka 2008, yalisumbua sana kwa jambo hili. Plagi zake zilikuwa na sehemu ndefu ya chini, kaboni inajaa pale, fundi akifungua zinakatika na kipande kinabaki ndani. Kampuni ikawatolea mafundi utaratibu rasmi: injini iwe imepoa, legeza plagi kidogo sana, weka dawa ya kulainisha kaboni, subiri, halafu ifungue kwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Utaratibu huohuo ndio anaoutumia mzee wetu chini ya mti, ila yeye hana karatasi.

Jinsi ya kutoa plagi iliyong'ang'ania

Hii mtumie mteja wako kama ilivyo.

1. Acha injini ipoe kabisa. Usifungue pikipiki iliyotoka safari. Hedi ya moto meno yake yanaumia kirahisi, na wewe utaungua.

2. Toa kofia ya plagi kwa kushika kofia yenyewe. Usivute waya.

3. Safisha kuzunguka plagi kabla hujaigusa na spana. Tumia brashi na upepo wa pampu ya baiskeli. Mchanga ukidondoka ndani ya silinda utakwangua pistoni, na gharama yake siyo ya plagi tena.

4. Tumia spana ya plagi yenye saizi sahihi, iingie mpaka chini na isimame wima. Plaizi na spana ya kurekebisha vinakata pembe, na spana ikilala upande unapasua kauri nyeupe.

5. Zungusha kushoto kidogo tu. Ikikubali, endelea taratibu. Ikigoma, simama. Usiongeze bomba.

6. Weka mafuta ya kulegeza nati kuzunguka kiuno cha plagi, yale ya kopo la kupuliza. Uwe mvumilivu. Robo saa ni kidogo, usiku mzima ni bora zaidi. Usitumie petroli, na usipulizie kwenye injini ya moto.

7. Rudi na spana. Kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto kidogo. Ikianza kutoka halafu ikakaza katikati ya njia, hiyo ni kaboni au vumbi la kutu kwenye meno. Irudishe ndani kidogo, ongeza mafuta, subiri, anza tena. Wengi wanaharibu hapa, kwa sababu wameshaona imelegea wanadhani nguvu kidogo itamaliza.

8. Bado inagoma? Washa injini dakika mbili tatu ipate uvuguvugu tu, izime, halafu jaribu. Aluminiamu inatanuka kuliko chuma, kwa hiyo tundu linaachia kidogo. Nasema uvuguvugu, siyo moto.

9. Pembe zikianza kuliwa au ukisikia inakatika, acha hapohapo. Mpeleke fundi. Kipande kikibaki ndani kwa fundi anayejua, hedi inashushwa na kinatolewa. Kikigongwa kwa patasi barabarani, vipande vinaingia kwenye silinda.

Ikitoka, usifunge mpya papo hapo. Zima swichi, weka kofia ya plagi mbali na tundu, kaa pembeni, halafu piga kiki mara tatu nne. Uchafu uliodondokea ndani utatoka.

Jinsi ya kufunga ili isikwame tena

Kazi hii ni ya dakika tatu, na ndiyo yule kaka aliyoiruka.

1. Chungulia tundu kwa tochi. Futa mahali washa inapokaa. Angalia kama washa ya zamani imebaki pale. Ikibaki, ukiweka plagi mpya na washa yake, zinakuwa mbili. Plagi inakaa juu juu, inavuja, na mteja anakuambia umemuuzia fupi.

2. Angalia gepu, ile nafasi kwenye ncha. Kila injini ina kipimo chake kwenye kitabu. Kwa mfano jenereta na pampu zenye injini ya Honda ya familia ya GX zinataka milimita 0.7 mpaka 0.8. Plagi iliyoanguka chini inaweza kuwa imejibana gepu yote.

3. Anza kwa vidole, siyo kwa spana. Weka plagi tunduni, kwanza zungusha kushoto kama unafungua, mpaka usikie kama imedondoka kidogo, tk. Hapo meno yamekutana. Sasa zungusha kulia.

4. Kama vidole havifiki, chukua kipande cha mpira wa petroli, kivike kwenye kauri ya plagi, zungusha kwa mpira huo. Plagi ikikrosi mpira utateleza wenyewe, hauna nguvu ya kuharibu meno. Ujanja huu hauna gharama na umeokoa hedi nyingi.

5. Lazima iingie kwa mkono mpaka washa iguse chini. Ikikaza mapema, itoe, safisha, anza upya. Usijiambie "itanyooka mbele". Haitanyooka.

6. Sasa ndiyo spana. Plagi mpya yenye washa, baada ya kugusa chini, ongeza nusu mzunguko. Plagi uliyoitoa ukarudisha ileile, ongeza kati ya sehemu moja ya nane na robo mzunguko tu, kwa sababu washa yake imeshabanwa. Hivyo ndivyo Honda inavyoelekeza kwa injini zake za GX. Plagi nyingine zina mchoro wake kwenye boksi, ufuate huo.

7. Kwa mwenye spana ya kupima nguvu, NGK inatoa vipimo hivi kwa hedi ya aluminiamu. Plagi ya meno ya milimita 10 inataka nyutoni mita 10 mpaka 12. Ya milimita 12 inataka 15 mpaka 20. Ya milimita 14 inataka 25 mpaka 30. Mnaona ile ndogo inavyotaka nguvu kidogo? Pikipiki nyingi ni hizo za 10 na 12. Mkono wa mtu anayekaza nati za gurudumu ni mkubwa mno kwa plagi.

Kuhusu grisi kwenye meno, watu wengi wanapaka. NGK wenyewe wanasema plagi zao zimeshapakwa madini ya kuzuia kushikana, hazihitaji. Grisi inafanya meno yateleze, unakaza zaidi ya unavyodhani. Mimi nawaambia wateja wasipake.

Utajuaje plagi imekaa vibaya

Dalili ni hizi: sauti ya tss tss injini ikizunguka, nguvu kupungua mlimani, weusi au mafuta kuzunguka kiuno cha plagi, kofia kuungua. Ukitaka uhakika, injini ikiwa ya baridi weka matone ya maji ya sabuni kuzunguka plagi, washa. Povu likipuliza, presha inavuja.

Meno yakishaliwa, msikubali fundi anayezungushia karatasi ya sigara, waya au gundi ya chuma. Presha itairusha ile plagi, na iko karibu na goti la dereva. Tiba ni kutanua tundu, kuchonga meno mapya na kuweka bushi au koili ya chuma yenye saizi ya ndani ya plagi ileile. Ikifanywa vizuri inadumu kuliko aluminiamu ya mwanzo. Waambie washushe hedi kwanza, ili vumbi la chuma lisibaki kwenye silinda.

Upande wetu sisi wauzaji: namba kwenye plagi

Nimesema kosa la kaka lilikuwa la kufunga. Sasa niseme na la kwangu. Mteja mwingine, ana jenereta ya saluni, alinitumia picha ya plagi kwa mbali. Nikaona kiuno kinafanana, nikamtumia. Meno yalikuwa saizi moja, lakini urefu tofauti. Ya kwake ilikuwa ndefu, yangu fupi. Iliwaka, lakini kwa shida, na meno ya chini ya hedi yaliyobaki wazi yalianza kujaa masizi. Angeendelea hivyo, siku ya kuweka ndefu isingeingia. Niliibadilisha na nauli nikalipa mimi.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Plagi ndefu kwenye hedi ya fupi inachungulia ndani ya silinda, inaweza kugongwa na pistoni.

Kwa hiyo jifunzeni kusoma namba. Kwa NGK, herufi ya kwanza ni unene wa meno: C ni milimita 10, D ni 12, B ni 14. Tarakimu ni kiwango cha joto. Kwa NGK tarakimu kubwa ni plagi inayopoa haraka. Herufi baada ya tarakimu ni urefu wa meno: H ni milimita 12.7, E ni 19. Hivyo D8EA ni meno ya 12, kiwango cha 8, urefu wa 19. C7HSA ni meno ya 10, kiwango cha 7, urefu wa 12.7.

Za Kichina zinajulikana hivi. A7TC ni meno ya 10, urefu 12.7. D8TC ni meno ya 12, urefu 19. F7TC ni meno ya 14, urefu 19, ile ya jenereta na pampu nyingi. L7T ni meno ya 14 lakini fupi, milimita 9.5, ya misumeno ya kukatia miti. Mnaona F7TC na L7T? Unene mmoja, urefu mbali kabisa. Mteja akikuambia "ni ile nene" hajakuambia kitu.

Urefu unapimwa kutoka pale washa inapokaa mpaka mwisho wa meno. Ile ncha ya chini haihesabiwi.

Kabla ya kutuma namuuliza mteja mambo matano:

1. Ni chombo gani, na injini ya ukubwa gani?
2. Plagi ya zamani imeandikwa nini? Nipigie picha ya maandishi.
3. Ilaze plagi pembeni ya rula, nipigie picha ya meno.
4. Juu ya plagi kuna kinati kidogo au ni msumari wa meno tu? Kofia za pikipiki nyingi zinataka bila kinati. Plagi nyingi zinakuja nacho, kinafunguka kwa plaizi. Mteja asipojua atasema kofia haiingii.
5. Ya zamani ilitoka kwa urahisi au kwa shida? Akisema kwa shida, namwambia aangalie tundu kwanza kabla ya kununua.

Mteja akirudisha, soma plagi kabla ya kugombana

Usimjibu kwenye grupu. Mpigie, msikilize, mwombe picha ya meno na ya washa kwa karibu.

Washa ikiwa bado ya duara, haijabanwa kabisa, plagi haikuwahi kukazwa ikafika chini. Washa ikiwa bapa kama sarafu, imekazwa mno. Vipande vyeupe vya aluminiamu kwenye meno, imekrosi au tundu lilishaumia zamani. Meno ya plagi yenyewe yakiwa yamekaa ovyo, yana kingo mbaya, washa inadondoka yenyewe, maandishi yanafutika kwa kidole, basi ndugu yangu, huenda kweli umeuza feki. Rudisha pesa yote, rudi kwa aliyekuuzia boksi, na zilizobaki usiziuze. Plagi bandia zipo nyingi sokoni, na kuuza bidhaa bandia ni kosa.

Utaratibu wangu sasa ni huu. Kosa la bidhaa, narudisha pesa na nauli. Kosa langu la kusoma namba, nabadilisha na nauli nalipa mimi. Kosa la kufunga wakati maelezo alipewa, nampa punguzo la plagi nyingine na kumwelekeza fundi, lakini hedi silipi. Nimeuandika kwenye maelezo ya biashara WhatsApp, kila mtu anausoma kabla hajalipa.

Karatasi ninayoweka kwenye kila pakiti ina mistari mitano tu: *Injini ipoe. Safisha tundu, toa washa ya zamani. Anza kwa vidole mpaka chini. Mpya, nusu mzunguko kwa spana. Ikikaza mapema, toa, nipigie.* Natoa kopi, nakata vipande. Kila pakiti moja gharama yake hata shilingi mia haifiki.

Yule kaka wa bodaboda bado ananunua kwangu. Mwezi uliopita alinipigia saa mbili usiku akiwa njiani, mvua inanyesha. "Dada, inakaza mapema, nifanyeje?" Nikamwambia itoe, ifute, anza kwa vidole. Nikabaki kwenye simu nasikia mvua tu na yeye anahema. Baada ya dakika kama tano akasema, "Imeingia." Nikasikia kiki, injini ikawaka, simu ikakatika.

Kama una swali, weka kwenye komenti pamoja na picha ya plagi yako pembeni ya rula. Bila rula sijibu, nimeshajifunza. Na kama una mwenzako anauza spea, mtumie hii kabla mvua hazijaanza.